Fundi Asiyerusha Nyundo

Fundi alikuwa hapendi kitu irushwe. Hata kiberiti. Yeye yuko juu ya paa, nyundo imebaki chini, mtu anamwambia, "Fundi, shika, nakurushia," na yeye anapiga kelele mpaka kuku zinakimbia: "Hapana! Mkononi, bwana. Mkononi." Halafu anashuka ngazi yote, kidato kwa kidato, anachukua hiyo nyundo kwa mkono wako, anasema asante kama mtu amepewa mtoto mchanga ashike, anapanda tena. Kazi ya saa moja inakuwa ya asubuhi nzima.

Raila yote, kijiji chetu hapo Kibera, ilikuwa inamcheka. Mimi pia nilikuwa namcheka. Lakini mtu wa ploti ingine akimcheka mbele yangu, hapo tulikuwa tunakosana. Kumcheka Fundi ilikuwa haki ya sisi majirani wake peke yetu.

Alizaliwa wapi, mtoto wa nani, alikuwa na bibi ama hakuwa, mimi sijui na sikuuliza. Najua tu alitoka upande ule mwingine wa mpaka, kandokando ya ziwa kama watu wetu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka unaona aibu kufungua mdomo. Sisi tunasema "leta hiyo kitu." Yeye anasema, "Naomba uniletee kitu hicho, tafadhali." Muuza makaa aliwahi kuniuliza kama huyo mzee ni pastor. Nikamwambia hapana, ni fundi wa mabati, na mimi huyo pastor wako simjui, pima makaa.

Kazi yake ilikuwa kuziba paa. Alikuwa na mkebe ya kuchemshia lami, vipande vya gunia, na debe kuukuu ambazo alikuwa anapasua na kunyoosha kwa jiwe mpaka zinalala kama karatasi. Alikuwa anaziba Kibera yote, na siku zingine anabeba ngazi kwa bega mpaka Kawangware, huko Kabiro, kwa Shosho mmoja, mama mzee mwenye ploti ya nyumba za kukodisha. Huyo Shosho alikuwa anamwamini kuliko watoto wake, na alikuwa anamwambia hivyo mbele ya watoto.

Mimi wakati huo nilikuwa nauza magazeti ya zamani kwa kilo. Nanunua kwa nyumba za watu wakubwa, nauzia mabuchari na wanaokaanga mandazi. Lakini siwezi kuuza kabla sijasoma. Shule niliacha mapema, kila kitu najua nilisoma kwa gazeti ya kufunga nyama, na nilikuwa na maoni juu ya kila kitu. Nikikosa biashara, namsaidia Fundi kushika ngazi. Ngazi ya Raila lazima ishikwe, kwa sababu ukuta ni udongo na hakuna mahali ya kuegemea inaaminika. Alikuwa hapandi kabla hajasikia ukisema, "Nimeshika."

Kutoka huko juu alikuwa anajua mambo yetu kuliko chifu. Alisema watu wa chini hawajui wanaishi chini ya nini. Alikuwa anashusha vitu kwa ndoo: kiatu moja, betri za redio, mawe, paka amekauka, mpira ya karatasi ya watoto. Na zile juala, mifuko ya plastiki. Wewe kama umeishi Kibera unajua ni juala gani. Choo iko mbali, ama imejaa, ama mwenyewe ameifunga na kufuli, basi mtu anamaliza haja yake kwa juala, anafunga fundo, anafungua mlango kidogo, anarusha. Inaruka juu ya paa mbili tatu. Flying toilet. Watu wa nje wanaicheka sana hiyo maneno.

Siku moja saa nne asubuhi, jua kali, Fundi ako juu ya nyumba ya mama mmoja amejifungua juzi. Juala ikatoka ploti ya nyuma, ikapita juu ya kichwa chake, ikaanguka kwa ile tundu alikuwa bado hajaziba. Ikaingia ndani. Tukasikia mama analia.

Mimi nilikuwa tayari naokota jiwe. Fundi akashuka. Akaingia, akatoka na hiyo juala imepasuka, ameibeba kwa kipande cha gunia, akaenda nayo ploti ya nyuma. Akaanza kubisha mlango zote, moja moja.

"Hodi. Samahani. Hii ni yako?"

"Mzee, nini hiyo? Ondoa!"

"Nauliza tu. Imepotea, natafuta mwenyewe."

Watu wakaanza kumfuata na vicheko. Mlango ya mwisho alifungua kijana mkubwa, kifua wazi, na kabla aulizwe akasema, "Si mimi." Kila mtu akajua.

Nilidhani Fundi atamtukana. Alimwambia pole pole, "Imeangukia kitanda cha mtoto wa siku chache. Hajaumia. Najua hukutaka imwangukie. Wewe ulitaka tu itoke kwako."

Yule kijana akasema, "Sasa mzee, ningejuaje kuna mtu hapo?"

"Ndiyo," Fundi akasema. "Ndivyo tunavyosema."

Tunavyosema. Mimi nilisikia hiyo "tu" na sikuielewa. Nilikuwa na hasira, nataka huyo jamaa apigwe. Fundi alinishika mkono, akanipokonya jiwe, akaliweka chini. Akaliweka, hata hakulitupa.

Si kwamba alikuwa malaika. Kwa drafti alikuwa mwizi. Tulikuwa tunacheza na vifuniko vya soda kwa kibanda cha Mama Chapo, na ukigeuka kuangalia dame anapita, kifuniko chako kimoja kimeondoka. Ukimuuliza anakasirika, anakuuliza kama unamwita mzee wa umri wake mwongo. Alikuwa mchoyo wa sukari. Kanisa alikuwa anaenda kila Jumapili lakini anakaa kwa benchi ya mlangoni, nusu nje, na wakifika pahali ya kutubu dhambi anatoka kwenda kuangalia mabati ya kanisa kama yanavuja.

Na redio. Alikuwa na redio ndogo amefunga na mpira, na kila jioni tunasikiliza habari ya Kiswahili kutoka ng'ambo. Miaka hiyo vita ilikuwa kila mahali. Mtangazaji anasema, "Makombora ya roketi yamelenga kambi ya jeshi nje ya mji, na raia kadhaa wameuawa." Fundi anazima. Tunapiga kelele, "Mzee, washa!" Yeye anasema, "Hayakulenga. Mtu huyo anaongopa. Yale hayalengi."

Nilikuwa nabishana naye. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilimwambia siku hizi kuna kompyuta, kuna satelaiti, roketi inaingia dirisha unayotaka. Yeye anasema, "Hizo ni za matajiri. Wengi wanapigana kwa zile zile za zamani, bwana mdogo. Zimelala kwenye joto la ghala miaka, mabomba ya lori yamelegea. Wanasema wanalenga."

"Wewe umejuaje?"

"Nimezeeka."

Mama Chapo mwenyewe lazima nimweleze. Kibanda chake kilikuwa kinaegemea nyumba yangu, chapati na maharagwe, asubuhi mpaka jioni. Alitoka ng'ambo ya ziwa, nchi ingine tena, si yetu wala ya Fundi, alikuja Nairobi baada ya vita ya huko, msichana tu. Alinilisha mimi miezi ambayo sikuwa na kitu, na hakuwahi kunikumbusha. Mtu akimgusa huyo mama mimi nafungwa jela. Hapo nawaambia ukweli.

Siku ya kwanza alipofungua kibanda, Fundi alikaa, akaagiza, akamuuliza anatoka wapi. Mama akataja mji wake, mji mdogo chini ya kilima chenye kambi. Fundi akasema, "Samahani, unaitwaje mji huo?" Akautaja tena. Fundi akaacha chapati kwa sahani, akaenda kwake, na hakutoka mpaka kesho yake jioni. Tangu hapo paa ya Mama Chapo ndiyo ilikuwa inazibwa ya kwanza kila mvua ikikaribia, kabla ya ya Fundi mwenyewe, na mama akitaka kulipa anaambiwa, "Tutaongea." Watu wakaanza kusema mzee anamtaka. Nilipigana na mtu mmoja juu ya hiyo maneno.

Ukweli niliujua huko Kabiro. Tulikuwa juu ya nyumba ya Shosho, mabati moto, tunapumzika kwa kivuli ya tangi. Kulikuwa na lori mpya imeegeshwa chini, na Fundi alikuwa anaiangalia sana. Akaniambia yeye aliwahi kuwa askari, kwa jeshi la kwao lililovuka mpaka kupigana. Alikuwa na lori. Nyuma ya lori, badala ya bodi, mabomba yamepangwa kama mizinga ya nyuki, na kila bomba na roketi yake.

Hapo nikaona kitu sijawahi kuona. Uso wake ulifunguka. Aliniambia vile inaanza, moja, halafu ingine, halafu huwezi kutenganisha, lori inapiga magoti na kuinuka, vumbi inameza kila mtu, na huko mbele anga imechorwa mistari ya moto. "Ilikuwa nzuri," akasema. "Mungu anisamehe, kijana, ilikuwa nzuri sana. Tulikuwa tunashangilia kama mpira."

Halafu uso ukafunga.

Akaniambia hivi. Yeye ndiye alikuwa mlengaji. Lakini mlengaji haoni anayempiga. Kuna kilima mbele, adui yuko huko nyuma, mbali, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Mlengaji anachomeka kijiti kwa udongo mbele yake, anaelekeza darubini kwa kijiti. "Maisha yangu yote ya jeshi sijamlenga mtu. Nililenga kijiti." Ramani ni ya wakoloni. Upepo wa huko juu huujui. Roketi ya kwanza ikitoka inatikisa lori, ya pili inatoka kwa lori ambayo haijatulia, ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Ikishatoka, hakuna mkono unaoishika. Lazima ianguke mahali.

Siku ile walikuwa wanapiga kambi ya kilimani. Mtu wao wa kuangalia, aliyejificha karibu na mji, akaongea kwa redio: simamisheni, simamisheni, mnapiga soko. Lakini mabomba yalikuwa matupu tayari. Hiyo kazi inaisha kabla hujamaliza kukohoa. Kesho yake wakahamishwa barabara ingine. "Mji ule sijauona mpaka leo. Najua jina lake tu."

Na jina lilikuwa lile la mji wa Mama Chapo.

"Usimwambie," akasema.

Nikasema sitasema. Jioni nilikula kwa Mama Chapo kama kawaida. Akaniongeza maharagwe, akaniuliza mbona nimenyamaza leo, mdomo umeibiwa? Nikamwambia nimechoka, nikafunga chapati kwa gazeti. Na kila jioni ikawa hivyo, kwa sababu nilikuwa na watu wawili wangu, na kila mmoja nikimtetea ninamwibia mwingine. Nilinyamaza. Mimi, ambaye sijui kunyamaza.

Siku ya maharagwe ilianza na redio. Ilikuwa mchana, habari fupi, kibanda kimejaa. Mama Chapo alikuwa anachambua maharagwe kwa sinia, mawe upande moja. Mtangazaji akasema tena roketi zimelenga, soko limepigwa. Fundi akanyoosha mkono kuzima, lakini Mama Chapo akasema, "Wacha nisikie." Ikaisha. Halafu akasema, bila kuinua macho, "Hao wanapenda soko. Hata yetu walilenga. Siku ya soko, watu wamejaa. Walichagua."

Mtu wa makaa akasema labda walikosea, mama.

"Nani anakosea hivyo? Kambi iko juu, soko iko chini, mtoto anaona. Walituchukia. Huyo mtu alikaa akaangalia watu wanauza ndizi, akasema hawa. Mimi namwombea kila siku afe vibaya."

Nilimwangalia Fundi. Alikuwa amepauka. Ningenyamaza tu hapo, ingepita. Lakini mimi nilitaka kumsaidia, unaelewa, nikasema, "Mathe, hizo roketi hazilengi vizuri, hata Fundi anajua."

"Anajua nini?" akauliza.

Kibanda chote kikamgeukia.

Fundi akasimama. Akasema, "Naomba maharagwe kidogo." Akateka mkono mmoja kwa sinia, na mawe ndani. Akaniambia niweke sufuria tupu kule njiani, karibu na mtaro. Yeye akaenda nyuma ya ukuta wa mabati, pahali haoni sufuria. Akachomeka kijiti cha kuni kwa udongo mbele yake. "Mama, wewe unaiona sufuria. Niambie kulia au kushoto."

Watu wakaanza kucheka. Fundi anarusha! Fundi, yule wa mkononi, anarusha! Watoto wakakuja mbio.

"Kulia," Mama Chapo akasema, naye anacheka kidogo. "Kulia kidogo. Hapo. Hapo!"

Akarusha. Yote mara moja, juu ya ukuta.

Maharagwe mbili ziliingia sufuria. Zingine ziliingia kwa chai ya mtu wa makaa. Zingine kwa jiko, zikaanza kulia. Jiwe likampata mtoto wa watu kwa paji la uso, akaanza kupiga nduru, na mama yake akatoka na mwiko, "Nani amerusha? Nani?" Watu walikuwa wamelala na kicheko.

Fundi akatoka nyuma ya ukuta. Hakuwa anacheka. "Ni nani nimempiga?" akauliza. "Sikuona."

Kicheko kikaanza kupungua, kwanza huku, halafu huku.

Mama Chapo alikuwa amesimama na sinia mkononi. "Mzee," akasema. "Siku ile, wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye lori."

"Lori gani?"

"Nililenga kijiti, mama. Kilikuwa kijiti tu."

Hakulia. Hakumtukana. Aliweka sinia chini, akazima moto ya jiko na maji, akafunga kibanda mchana kweupe na watu bado wanakula. Asubuhi yake Fundi alikuwa ameenda. Nyumba tupu, mkebe ya lami hakuna. Ngazi tu ndiyo aliacha, imeegemea ukuta wa Mama Chapo.

Nilimtafutia Fundi maneno ya kumtetea, nikampelekea Mama Chapo kama mtu anapeleka maua. Nikamwambia, unaona, mathe, hakuwachukia. Hakujua hata mko. Ni bahati mbaya.

Akaniambia, "Mtoto wangu, kaa chini. Wewe unasoma sana lakini kaa chini."

Akaniambia siku ile ya soko ilikuwa zamu yake. Yeye ndiye alikuwa auze. Lakini aliamka na uvivu, akamwambia mdogo wake aende, atamsokota nywele jioni. Mdogo wake akaenda anaruka ruka. "Miaka yote hii," akasema, "kulikuwa na mtu mbaya. Alituangalia, akatuchagua, akamuua. Mimi nilimtuma tu sokoni, yeye ndiye alimuua. Sasa huyo mzee wako amekuja na maharagwe yake ananiambia hakuna mtu. Hakuna aliyelenga. Kama hakuna aliyelenga, amebaki nani? Nimebaki mimi niliyemtuma."

Mvua ikaja. Paa ya Mama Chapo ikaanza kuvuja pahali tatu, halafu kila pahali. Alikuwa anauza chapati na beseni katikati ya benchi. Nikamwambia nitamletea fundi mwingine, kuna kijana mzuri kijiji cha Makina. Akakataa. Nikamwambia basi nipande mimi. Akakataa. Ngazi ilikuwa pale pale, inaoza miguu, watu wanaizunguka. Mvua ikaisha, jua likaja, mvua ingine ikaja. Siku moja akaniambia, "Nenda umwambie aje aondoe ngazi yake. Inanizibia njia."

Nilijua ako wapi. Nilienda Kabiro kwa miguu na hasira yote nilikuwa nayo. Nilimpata kwa ploti ya Shosho, amekaa kwa debe, ananyoosha bati kwa jiwe. Amekonda. Shosho akatoka kuniangalia, "Huyu ni nani anakuja na uso kama wa askari wa kanjo anayebomoa vibanda?"

"Ni jirani," Fundi akasema.

"Jirani!" nikasema. "Jirani gani anatoroka? Wewe uliniambia nisiseme, nikanyamaza, halafu ukasema mwenyewe, ukaenda! Ukatuacha na hayo maneno yako kama ile juala! Ulitaka tu itoke kwako!"

Hiyo sikupanga. Ilitoka. Jiwe ikasimama kwa mkono wake.

"Ni kweli," akasema.

Sasa nikaona aibu. Nikakaa chini kwa udongo, nikamwambia yote. Mdogo wake, uvivu ya asubuhi, nywele. Nikamwambia vile mama alisema: amebaki nani. Alisikiliza ameinama. Akaniuliza swali moja tu. "Anasema yeye ndiye alimuua?"

"Anasema yeye ndiye amebaki."

Akaingia ndani, akatoka na mkebe ya lami, nyundo, na misumari kwa karatasi. Shosho akamwuliza anarudi lini. Akasema, "Nikimaliza."

Tukatembea mpaka Raila. Mama Chapo alimwona akikuja, akaendelea kusukuma chapati. Hakusalimia. Akasema, "Ngazi yako ile."

"Nimeiona, mama. Paa je?"

"Unaona beseni."

Fundi akashika ngazi, akaijaribu. Akanitazama nishike. Lakini kabla nifike, Mama Chapo alikuwa ametoka, unga kwa mikono, akashika. Mimi roho ikapanda. Ile ngazi ilikuwa imeoza na yeye ndiye alikuwa ameshika, yule aliyemwombea afe vibaya. Fundi akamwangalia mikono. Alingoja.

"Nimeshika," mama akasema.

Akapanda. Tukamsikia anatembea huko juu, anagonga gonga kutafuta tundu. Halafu akasimama, akaongea akitazama upande ule mwingine, wa reli.

"Mama. Siku ile ya maharagwe niliongopa."

Mama aliinua uso kumtazama.

"Tulililenga soko. Tuliambiwa tutie watu hofu. Niliona watu, nikachagua. Ni mimi. Hakuna mwingine. Hata kama asingekuwa mdogo wako pale sokoni angekuwa mwingine, na haijalishi nani alimtuma. Ni mimi nilichagua."

Mimi nilikuwa najua ni uongo. Nilijua kilima, nilijua kijiti. Huyu mzee ambaye alikuwa anazima redio kwa neno hilo moja, sasa amelibeba mwenyewe na kulipandisha juu ya paa. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Sijui mpaka leo kama nilifanya vizuri.

Mama Chapo akasema, "Ulituona?"

"Niliwaona."

"Uliona ndizi?"

"Niliona."

"Rangi gani?"

Huko juu bati ikalia chini ya mguu wake. "Za njano," Fundi akasema. "Mbivu. Nzuri."

Mama Chapo aliweka paji la uso kwa kidato ya ngazi. Mabega yakaanza kutingika, na nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini kulikuwa na kicheko ndani. "Banange," akasema kwa lugha ya kwao. "Mzee, soko yetu ni ya matoke. Ndizi ya kupika. Ni kijani yote, mkungu juu ya mkungu, hakuna hata moja imeiva. Wewe hukuona kitu. Wewe ni mwongo."

Fundi akapiga magoti kwa tundu la kwanza.

"Mwongo kabisa," mama akasema. Na mikono yake haikutoka kwa ngazi.

Halafu tukamsikia anapapasa huko juu, mfukoni, kwa mshipi, kwa mabati. Nyundo ilikuwa chini, kwa benchi, karibu na beseni. Aliisahau. Akaja kwa ukingo wa paa, akaiona, akaangalia ngazi, akaanza kugeuka ashuke, mguu mmoja unatafuta kidato.

"Kaa hapo," Mama Chapo akasema.

Akafuta unga kwa leso. Akachukua nyundo. Akaweka mguu kwa kidato ya kwanza, halafu ya pili, mwanamke mzito, ngazi ikalia, na alipanda mpaka akaweza kunyoosha mkono.

"Shika," akamwambia. "Mkononi."

Mimi ndiye nilikuwa nimeshika ngazi.